Sifa za Golikipa wa Mpira wa Mikono

Golikipa wa mpira wa mikono akiokoa mpira mmoja katika kila mitatu inayolengwa langoni mwake, siku hiyo amefanya kazi ya kusifiwa. Kwa aliyezoea soka hesabu hiyo ni ngeni. Lakini tarehe 4 Juni 2023, jijini Budapest, timu iliyofungwa mabao 24 ndiyo iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake barani Ulaya. Vipers Kristiansand ya Norway iliilaza FTC ya Hungaria 28-24, mbele ya watazamaji zaidi ya 20,000 waliofurika ukumbi wa MVM Dome, wengi wao wakiwashangilia wenyeji. Kwenye kikosi hicho cha mabingwa alikuwamo golikipa Katrine Lunde, mwenye umri wa miaka 43.

Safari ya kufika pale ni ndefu. Msimu ule ulianza Septemba 2022 kwa timu 16 zilizogawanywa katika makundi mawili, na kila timu ikacheza mechi 14 za makundi, nyumbani na ugenini. Zikafuata mechi za mchujo, robo fainali, kisha timu nne za mwisho zikakutana Budapest. Katika miezi hiyo yote wafungaji ndio huandikwa magazetini. Mimi kalamu yangu naielekeza kwa anayesimama mbele ya nyavu.

Lango lake lina upana wa mita tatu na urefu wa mita mbili. Mstari unaowazuia washambuliaji uko umbali wa mita sita, ila wao huruka hewani kutoka nje ya mstari na kuachia mpira kabla hawajatua, kwa hiyo mara nyingi mkono unaorusha uko karibu zaidi ya hapo. Mpira unaokwenda kilomita 90 kwa saa huzimaliza mita sita kwa takriban robo ya sekunde. Anayesubiri auone mpira umetoka ndipo aamue, amekwisha kufungwa. Golikipa husoma bega, kiwiko na kifundo cha mkono wa mpinzani, na hukumbuka mchezaji huyo hupenda kupiga wapi anapochoka. Hana glavu. Mikono yake ni mitupu, na ndani ya eneo lake anaruhusiwa kuokoa kwa kiungo chochote: goti, nyayo, hata kifua.

Mtazame winga anapomjia kutoka pembeni. Winga huruka kuelekea katikati ili apate kuliona lango vizuri zaidi, huku golikipa akiwa ameukumbatia mlingoti wa karibu, mkono mmoja juu na mguu mmoja tayari kunyanyuka. Kila mmoja anamngoja mwenzake ajitie kitanzi. Golikipa akishuka mapema, mpira utapita juu ya kichwa chake polepole. Akipanua miguu, utapita katikati. Na kwa kuwa wachezaji hupaka gundi vidoleni, winga aweza kuuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, ukadunda mbele ya golikipa kama unatoka nje, kisha ukakata kona na kuingia wavuni. Kipa bora husimama bila kutikisika mpaka winga, ambaye hawezi kuendelea kuelea hewani, alazimike kuamua. Subira ya namna hiyo, mbele ya kitu kitakachokugonga mwilini, haifundishwi kwa siku moja.

Penalti hupigwa kutoka mita saba. Golikipa ana haki ya kusogea mbele hadi mita nne kutoka langoni, zikabaki tatu tu kati yake na mpigaji. Akisogea, anafunika sehemu kubwa ya lango lakini anajiweka wazi kwa mpira wa juu. Akibaki nyuma, anapata muda zaidi wa kuuona ila anamwachia mpigaji pembe zote. Akiokoa hana nafasi ya kusherehekea, kwa sababu pasi ndefu inatakiwa papo hapo kwa mwenzake aliyekwisha kuchomoka kwa shambulizi la kushtukiza. Akifungwa, sharti asahau upesi, maana baada ya nusu dakika wapinzani watarudi tena.

Ndiyo maana umri katika kazi hii ni mali. Lunde alitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 na 2010 akiwa Viborg ya Denmark, 2013 na 2014 akiwa Győr ya Hungaria, kisha mara tatu mfululizo na Vipers, klabu ya mji alikozaliwa, kuanzia 2021 hadi 2023. Ubingwa mara saba, kwa klabu tatu, katika nchi tatu. Mwaka 2024, kwenye Michezo ya Paris, akaongeza dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki, akiwa na miaka 44. Wahenga walisema utu uzima dawa, na kwake tumeiona. Klabu yenyewe ya Vipers ilifilisika Januari 2025, miezi 19 tu baada ya kombe lile la tatu. Fedha zilikwisha, lakini ujuzi wa golikipa haumo katika vitabu vya hesabu vya klabu yoyote.

Kwetu Tanzania mpira wa mikono huchezwa mashuleni, na mwaka hadi mwaka timu hukutana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mara nyingi anayewekwa langoni ni yule aliyekosa nafasi kwingine. Walimu wa michezo, nawasihi mlibadili hilo. Mchagueni mtoto mwenye jicho kali na moyo usiovunjika upesi, mpeni mazoezi yake peke yake, na akifungwa ishirini msimtoe. Aliyeokoa kumi katika thelathini amefanya kazi ya bingwa, naye anastahili kuambiwa hivyo.