Tumemhoji shahidi asiyefaa kuhusu Fumo Liyongo

Kila msimu wa mitihani ya kitaifa unapobisha hodi, walimu wa shule za upili huniletea swali lilelile: Fumo Liyongo aliishi karne gani? Wanafunzi wao wamemsoma kama mfano mkuu wa mighani, wamekariri sifa zake za ujagina, na sasa wanataka mwaka. Vitabu havisaidii. Hapa utaambiwa karne ya 13, pale utaambiwa ya 16 au ya 17, na kila mwandishi husema kana kwamba alikuwepo shujaa akizaliwa.

Mimi naona tumemwita shahidi asiyefaa. Tunauhoji utendi, na utendi haukuwepo siku hizo. Ule tunaoufundisha uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mnamo 1913. Hata tukikubali kwamba Kijumwa alisikia kisa kwa wazee, na hao wazee kwa wazee wao, bado kati ya shujaa na wino pana karne kadhaa za midomo.

Kisa chenyewe wasomaji wa ukumbi huu wanakijua. Sultani wa Pate anamwonea Liyongo gere. Anawatuma Wasanye na Wadahalo wamuue kwa hila ya kikoa cha makoma, hila inashindikana. Anamtia gerezani, Liyongo anaomba ngoma ya gungu, na huku watu wakicheza yeye anakata minyororo kwa tupa aliyofichiwa ndani ya mkate. Anatorokea msituni. Mwisho mwanawe mwenyewe anahongwa, anamdunga sindano ya shaba kitovuni.

Sasa tusome kama wahakiki, si kama mashabiki. Mle ndani wauaji wanaahidiwa reale. Reale ni fedha ya Kihispania, na haikuzoeleka katika biashara za pwani yetu kabla ya karne ya 16. Mle ndani pia mna Wagala, jina ambalo Waoromo wenyewe hawalipendi, wanaokuja Pate kununua chakula na hatimaye kumwoza Liyongo binti yao. Waoromo walianza kuenea kutoka nyanda za Ethiopia katika karne hiyo hiyo ya 16, na ilichukua miongo kabla hawajasikika kwenye bara la Lamu. Mtu akishikilia kwamba Liyongo ni wa karne ya 13, basi harusi ya Wagala na aitoe. Akiishikilia harusi, basi karne ya 13 na aiache. Huwezi kula vyote viwili.

Pate nayo ina mambo yake. Habari za Pate, tarikhi ya Wanabahani, husema ukoo huo ulianza kutawala mnamo 1203. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliutilia shaka mpangilio huo wote, akasema Pate haukuwa mji wa maana kabla ya karne ya 16. Uchimbuzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu waliishi pale mapema kuliko alivyodhani. Lakini kuishi watu ni jambo moja, na kuwepo sultani mwenye uwezo wa kumwandama mtu ng'ambo ya bahari hadi Ozi ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo tunapopaswa kumrudia shahidi mkubwa zaidi kwa umri, ambaye ni nadra kumsikia akitajwa darasani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Waswahili, na ndani yake imo hadithi ya Liyongo kwa nathari. Msimulizi wake hakumweka Liyongo katika zama za Pate. Anasema haya yalitukia Shanga ilipokuwa mji. Kumbuka kwamba Shanga, iliyo katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mark Horton aliichimbua katika miaka ya 1980 akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Msimulizi wa 1870 hakujua lolote la uchimbuzi. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu kwamba palikuwa na mji, ukafa, na Liyongo ni wa enzi za uhai wake.

La pili ndilo lililonifanya nikalamu makala haya. Katika simulizi hiyo ya 1870, Liyongo si mnyonge anayeonewa. Ni mtu mwenye nguvu nyingi anayewaonea watu wa mji, na watu ndio wanaopanga njama ya kumfunga. Wapokomo wa Mto Tana nao wana masimulizi yanayomkumbuka kama mtawala aliyewatoza kodi. Mashahidi wawili, wa visiwani na wa mtoni, wanakubaliana kwamba jamaa alikuwa mzito kwa walio chini yake. Kisha 1913 tunampata mshairi mpole aliyedhulumiwa, mtoro wa msituni. Kulikoni?

Najua si haki kuchukua masimulizi mawili na kudai moja limezaa jingine. Wasimulizi ni tofauti, na huenda sura zote mbili zilikuwepo sambamba. Hata hivyo, tazama yaliyotokea kwenye bara la Lamu katika miaka hiyo. Katika miaka ya 1860 Sultan Ahmad, aliyeitwa Simba, Mnabahani aliyekimbia nguvu za Zanzibar, alihamia Witu, na msitu wa pale ukawa kimbilio la watoro: watumwa waliotoroka mashamba na watu waliokosana na watawala wao. Aliyemrithi aliitwa Fumo Bakari. Mwaka 1890 Waingereza wakaupiga na kuuchoma mji wa Witu, Fumo Bakari akaingia msituni, akafa mwaka uliofuata. Kijumwa alikuwa mtu mzima Lamu wakati huo. Utendi wake uliposikika 1913, nani kati ya wasikilizaji angeweza kusikia habari za fumo anayewindwa msituni karibu na Ozi asiikumbuke Witu? Ajabu ni kwamba Wanabahani ndio hao hao wa Pate, wale ambao utendi unawapa nafasi ya mwonevu.

Kwa hiyo dai langu ni hili: utoro wa Liyongo, sifa ambayo wanafunzi wetu huiweka mstari wa mbele, huenda ndilo tabaka changa zaidi katika kisa chake. Chini yake kuna mtawala wa Ozi.

Neno fumo lenyewe linaelekeza huko. Ni cheo cha utawala, na masultani kadhaa wa Pate na Witu walikibeba. Tunaposema Fumo Liyongo tunasema Mfalme Liyongo, ingawa vitabu vingi huliandika kama jina la ubatizo.

Kuna watakaonirudi kwa nyimbo. Watasema lugha ya tungo zinazonasibishwa naye ni kongwe, Kingozi tupu, hivyo mwenyewe ni mkongwe. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini si nzito kama inavyodhaniwa. Washairi wa Lamu na Pate waliendelea kutumia msamiati wa Kingozi kwa makusudi, kama pambo la fani, muda mrefu baada ya watu kuacha kuuzungumza sokoni. Isitoshe, wimbo wa gungu usio na mwenyewe hutafutiwa mwenyewe, na jina kubwa ndilo hulipwa. Waingereza wana mfano mzuri. Kumbukumbu za mahakama ya York za mwaka 1225 zinamtaja mtoro Robert Hod. Kufikia 1262 karani mwingine alimwandika William, mtoro mwana wa mhunzi, kwa jina la Robehod. Kumbe Robin Hood alikuwa amekwisha kuwa lakabu ya kubandikwa mtoro yeyote. Liyongo naye, nadhani, alibandikwa nyimbo na vituko vya watu ambao majina yao hayakuimbika vizuri.

Basi mwalimu akiniuliza karne, humwambia amfundishe mwanafunzi kuandika hivi: mtawala wa eneo la Ozi, ambaye masimulizi ya zamani zaidi yanamhusisha na enzi za Shanga, yaani kabla ya karne ya 15 kukolea, utendi wa 1913 hauwezi kututhibitishia mwaka. Ni jibu refu kuliko "karne ya 13", najua, na mtahini mwenye haraka atalikunjia uso. Watahini nao wangetusaidia kwa kuacha kuuliza sifa tano za jagina. Wampe mtoto masimulizi mawili, la 1870 na la 1913, wamuulize kwa nini mtu yuleyule ni mwonevu huku na mwonewa kule. Swali hilo lina alama 20 bila taabu.