Askari Harudi Nyuma

Kila kete ya sataranji inaweza kujirekebisha isipokuwa askari. Farasi aliyepotea njia hurejea, ngome hurudi kwenye mstari wake, malkia huvuka ubao mzima na kuuvuka tena. Hata bao letu husamehe, maana kete zilizotawanywa huzunguka na kulifikia tena shimo zilikotoka. Askari akishasogea, miraba aliyokuwa akiilinda hatailinda tena. Ndiyo sababu uamuzi wa kumsogeza, ambao mwanafunzi huutoa kwa haraka kuliko mwingine wowote, nauona kuwa ufundi wa juu kabisa wa mchezo huu. Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa opera, alilijua hilo alipochapisha kitabu chake London mwaka 1749: kushambulia na kujihami vyote hutegemea askari walivyopangwa. Waliomfuata wakatunga orodha ya kasoro: askari aliyetengwa, askari aliyeachwa nyuma, askari wawili wa upande mmoja kwenye mstari mmoja. Orodha hiyo inasaidia, lakini anayeishika kama sheria huacha kufikiri.

Ushahidi naupata Reykjavik, mwaka 1972, Boris Spassky alipotetea ubingwa wa dunia dhidi ya Bobby Fischer. Katika mchezo wa tatu Fischer, mwenye kete nyeusi, alimpeleka farasi h5 kwenye hatua ya 11 na kumwachia Spassky amle kwa askofu. Askari wa g6 akamla askofu huyo, na Fischer akabaki na askari wawili kwenye mstari wa h, ukuta wa mfalme wake umebomoka. Kwa mujibu wa orodha, huo ni uharibifu mtupu. Lakini tazama nani ameondoka ubaoni: askofu wa Spassky wa miraba myeupe. Hatua ya 16 farasi wakabadilishwa pale g4, na yule askari aliyeonekana mzigo akatua hapo, akaubana upande wa mfalme wa Spassky huku miraba myeupe ikiwa imepoteza mlinzi wake. Fischer hakuwa amewahi kumshinda Spassky kabla ya siku hiyo.

Mchezo wa tano, kibao kikageuka. Safari hii Fischer ndiye aliyemtoa askofu wake kwa farasi wa c3, ili Spassky abaki na askari wawili kwenye mstari wa c. Akaweka askari wake d6 na e5, Spassky akamsukuma wa kwake hadi d5, na katikati pakafungwa. Maaskofu wawili wa Spassky, ambao ubao ulio wazi ungewafanya watawale, walikwama nyuma ya askari wao wenyewe. Fischer naye alipata askari wawili kwenye mstari wa g, na hawakumdhuru hata kidogo: mmoja alisogea g5 akamtayarishia farasi makao pale f4. Kasoro ni ileile, tena katika mchezo mmoja, lakini huku ilizifunga kete na kule ilizipa njia. Basi umbo la askari huwezi kulithamini kabla ya kuuliza ni kete zipi zimebaki kulitumia.

Wapo watakaotaja AlphaZero, programu ya kompyuta iliyojifunza sataranji mwaka 2017, ambayo iliwatoa askari kwa urahisi na kumsukuma askari wa h hadi mlangoni kwa mfalme. Mimi naona hapo heshima kwa askari: aliyefika h6 humnyima mfalme wa adui nafasi kwa muda mrefu, na kumng'oa si kazi ndogo. Hoja nzito zaidi ni kwamba wengi wetu tunashindwa kwa kuacha kete iliwe, si kwa umbo la askari. Ni kweli, na hata Spassky alianguka hivyo katika mchezo huo wa tano. Hatua ya 27 malkia wake alikwenda c2, askofu wa Fischer akamla askari wa a4, naye Spassky akajisalimisha, kwa kuwa malkia aliyemlinda askari huyo ndiye pia aliyekuwa akimlinda askari wa e4. Lakini kwa nini malkia mzima alinde askari wa pembeni? Kwa sababu askari huyo alisogezwa a4 hatua ya 16, Fischer akamzuia papo hapo kwa a5, na mwenzake wa b, ambaye angeweza kumlinda, alikuwa amehamia c3 tangu hatua ya 7.