Kuzama si Kuwa Makini

Watafsiri wa maandishi yahusuyo uhalisia pepe hushawishika kutumia neno "uzamaji" kwa hali ya mwanafunzi aliyevaa miwani maalumu inayomfunika macho na kumwonyesha maabara isiyokuwapo. Kimaumbo neno hilo halina kosa. Kasoro yake ni ya maana: kwa Mswahili, aliyezama katika masomo ni yule aliyeyazingatia kwa moyo wote. Mwalimu asomaye "uzamaji" atadhani kuwa umakini umekwisha kupatikana.

Utafiti wa Makransky, Terkildsen na Mayer, uliochapishwa mwaka 2019, unakanusha dhana hiyo. Wanafunzi 52 wa chuo kikuu walijifunza sayansi katika maabara ya kuigiza, kwa kioo cha kompyuta na kwa miwani. Kwa miwani walijihisi kuwamo maabarani hasa. Walakini walijifunza machache zaidi, na vipimo vya ubongo vilionyesha kuwa akili zao zilielemewa zaidi.

Basi mambo ni matatu, nayo yastahili maneno matatu. Tunapendekeza "uzamishaji" kwa kazi ya chombo, kwani kiambishi cha kutendesha chaonyesha ni nani atendaye. "Hisi ya kuwamo" kwa jinsi mwanafunzi ajionavyo. Na "umakini" ubaki kwa tendo la kuelekeza akili kwenye somo. Ofisi itakayonunua miwani kwa kutegemea tafsiri iliyoyachanganya hayo itakuwa imelipia uzamishaji, huku ikidhani imenunua elimu.