Dume Hupimwa kwa Binti Zake

Mfugaji anayeijua kazi yake hachagui dume la mbegu kwa kumtazama dume mwenyewe. Anaanza kwa mama: alizaa mara ngapi, kiangazi cha mwaka mbaya alisimama au alilala, maziwa yalitosha ndama na watoto wa nyumbani? Kisha anatazama dada za huyo dume. Halafu anamwachia majike na kusubiri binti zake wakue, wapandwe, wazae na kukamuliwa. Hapo ndipo atasema kama alichagua vizuri, na mara nyingi dume mwenyewe atakuwa ameshauzwa mnadani siku nyingi.

Ufundi huu uko Katavi, na haupewi heshima unayostahili. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakishuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini hadi Mpanda, Mlele na bonde la Rukwa upande wa Mpimbwe. Wakitajwa katika taarifa za mkoa, hutajwa kwa wingi wa mifugo: wamejaza malisho, wamekata miombo, wameingia hifadhini. Migogoro hiyo ni ya kweli na inauma pande zote. Lakini anayehesabu vichwa tu hatajua kwamba katika baadhi ya mazizi yale kuna mzee anayekumbuka koo za ng'ombe wake kama anavyokumbuka za watu. Atakuonyesha mtamba mwekundu na kukuambia ni mjukuu wa jike gani, aliyetolewa kwa mahari ya nani, na kwamba ukoo huo wote una chuchu nzuri lakini madume yake ni wakorofi kwenye plau. Hana daftari. Uingereza walianza kuchapisha kitabu cha koo za ng'ombe wa Shorthorn mwaka 1822. Cha mzee huyu kiko kichwani, na kila jioni ng'ombe wanaporudi anakipitia upya.

Tufikirie muda wa kazi hii. Jike wetu wa asili huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne, hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, na akizaa kila baada ya mwaka na nusu tunamshukuru Mungu. Nusu ya ndama ni madume. Aliyeanza kuchagua akiwa kijana wa miaka ishirini, akajaliwa kufika sabini, ataona vizazi vinane au tisa. Kila uamuzi unakula sehemu ya maisha yake ambayo hairudi. Mtu anayeikubali kazi ya namna hiyo bila mshahara wala cheti ana subira ambayo sisi wengine tunaisikia tu.

Na sehemu kubwa ya kazi ni kukataa. Katika ndama madume kumi wa mwaka huo, labda mmoja ataachwa awe dume la mbegu. Waliobaki watahasiwa. Zamani walitumia mawe au kisu, siku hizi koleo la kuhasi. Waliokataliwa hawapotei: ndio maksai wanaolima mahindi, mpunga na tumbaku, na ndio wanaovuta mkokoteni wa maji. Ugumu uko kwenye kumkataa yule anayependeza. Dume mwenye nundu kubwa na rangi inayong'aa humfurahisha kila mpita njia, na jirani atamsifu. Fundi anamwinua mkia, anatazama kwato na miguu ya nyuma, anapapasa korodani kama zinalingana, anakumbuka mama yake alivyotupa mimba miaka miwili mfululizo, kisha anaita vijana wamlaze chini.

Katavi inawapa mafundi hawa mwalimu mkali: mbung'o. Miombo ya huku ni makazi yake, na nagana anayoileta hukondesha ng'ombe, humaliza damu, huharibu mimba. Wakati wa ukoloni, magharibi ya Tanganyika, watu walihamishwa na kukusanywa vijijini kwa sababu ya malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na nzi huyohuyo. Leo kuna Samorin na Berenil, lakini dawa ikitolewa kiholela vimelea huizoea, na mfugaji mwangalifu hujiuliza swali jingine: katika kundi lililochungwa pori lilelile, nani amehitaji sindano mara chache? Swali hilo si la kubahatisha. Pale Galana, Kenya, watafiti wa miaka ya 1980 waliwalinganisha ng'ombe wa Boran wa Waorma wa Mto Tana na Boran wengine, wakakuta wale wa Waorma wanavumilia nagana zaidi. Waorma walikuwa wameishi na mbung'o vizazi vingi. Jibu lilikuwa zizini mwao kabla halijafika maabara.

Na kwa kuwa kazi ndiyo inayomhukumu mnyama, nawaheshimu pia wafugaji wa mbwa wa Kiingereza, wale wadogo wa kuwindia mbweha waitwao teria, ingawa watu watasema mbwa na ng'ombe wapi na wapi. Mwaka 1819 mwanafunzi wa Oxford aitwaye John Russell alinunua jike aitwaye Trump. Baadaye akawa kasisi wa Swimbridge, Devon, na akaendelea kuchagua mbwa hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1883. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wafuga mbwa, Kennel Club, mwaka 1873 na akahukumu mashindano ya teria mwaka uliofuata, lakini mbwa wake mwenyewe hakupenda kuwapeleka jukwaani. Alitaka mbwa anayeingia shimoni na kurudi mzima. Alijua kwamba hukumu ya uwanjani na hukumu ya kazini zinaweza kuachana, na zikiachana, uzao ndio unaoumia.

Na sisi tuna uwanja wetu. Kila Agosti, kuelekea Nane Nane, Katavi hupeleka mazao na mifugo Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, pamoja na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini. Nayapenda maonesho hayo. Lakini macho ya watu hukimbilia ukubwa: chotara aliyenona huzungukwa na simu za kupiga picha, na zebu wa kilo mia mbili na hamsini, aliyelelewa kwa majani makavu na maji ya kutembelea nusu siku, hupitwa. Tumeshaona mwisho wa njia ya kumsahau ng'ombe anayeifaa nchi. Wataalamu wa Mpwapwa walitumia miongo kadhaa kuunganisha damu ya Sahiwal na Sindhi wekundu, zebu wetu na ng'ombe wa Ulaya, wakapata ng'ombe anayekamulika katika nchi kame; leo ng'ombe wa Mpwapwa ni wachache, kwa kuwa madume hayakuwafikia wafugaji kwa wingi wa kutosha.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Dume akiletwa uwanjani kutoka Katavi, aletwe na mama yake kama yu hai, na binti zake watatu au wanne waliokwisha kuzaa. Jaji aulize umri wa kila mmoja, idadi ya ndama, na sindano za nagana za mwaka huo. Hereni za utambuzi ambazo serikali inawavisha mifugo zinaweza kutunza habari hizo, tukiamua kuziandika. Na miongoni mwa majaji, pamoja na daktari wa mifugo na afisa ugani, akae mzee mmoja wa Mpimbwe au Mlele ambaye hajui kusoma, apewe nauli na posho sawa na wenzake, na neno lake liandikwe kwenye fomu.