Amin wa Sinema na Kay wa Arua

Mtu atokapo kutazama filamu, swali la kwanza aulizwalo na wenzake ni moja tu: Umeionaje? Jibu nalo aghalabu huwa fupi: imenipendeza, imenichosha, yule mwigizaji hodari. Maoni ya namna hii hatuyadharau. Ndimo uhakiki unamoanzia, na mwanafunzi asiyethubutu kusema kwa Kiswahili kwamba picha fulani imemchosha hataweza baadaye kutueleza kwa nini. Lakini ziko filamu zisizotoshwa na jibu fupi, hasa zikitazamwa na watu ambao habari zao zimo ndani yake. Ndivyo zilivyo filamu za Idi Amin zitazamwapo Arua au Koboko, katika West Nile, ambako ukoo wa Amin una asili yake.

Tatu zinastahili kutajwa. Ya Barbet Schroeder, ya mwaka 1974, haina mwigizaji. Amin mwenyewe ndiye anayesema, anayecheka, na hata kupiga kodiani. Ya Sharad Patel, ya mwaka 1981, ilimtumia Mkenya Joseph Olita. Ya tatu ni "The Last King of Scotland" ya Kevin Macdonald, iliyotoka mwaka 2006 na kumpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Hapo ndipo mabishano ya barazani yanapoanza: nani kafanana na Amin zaidi? Wako wanaompa Olita ushindi kwa umbo lake. Wengine humpa Whitaker kwa macho na kicheko. Sisi twaona kwamba kufanana ni jambo dogo. Filamu ya Patel hutoka katika ukatili mmoja na kuingia katika mwingine bila kupumua, mpaka mtazamaji afe ganzi. Ya Schroeder hutuchekesha pamoja na Amin, kisha tukajishtukia tumecheka na nani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyo bora kati ya hizo tatu.

Tuje kwenye ile ya Macdonald, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi na vijana, na kwa kuwa ilipigwa Uganda kwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuitazama bila kutega sikio. Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na humo askari waliongea Kiswahili. Mwaka 1973, akiwa mtawala, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Katika filamu mazungumzo makubwa yote ni Kiingereza, na Kiswahili husikika vipande vipande. Sababu twaielewa, maana watazamaji waliokusudiwa wako ng'ambo. Hata hivyo vipande vyenyewe havitoshi kumwonyesha mtu kwamba lugha hii pia huombea maji na kubembelezea mtoto. Waganda wengi wamekua wakiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki, na filamu hii haiwaondolei dhana hiyo. Laiti kamera ingefika Koboko, ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini inakaribiana, ingemkuta mchuuzi akipatana bei kwa Kiswahili na Lingala, kwa Kikakwa na Kiarabu cha Juba, pengine katika mazungumzo yayo hayo.

Lakini kamera haikufika. Nicholas Garrigan, daktari Mskochi ambaye kisa kizima kimefungwa shingoni mwake, ni mtu wa kubuni, aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Kubuni si kosa. Msanii ana haki yake. Jambo linalotukera ni namna mtu wa kubuni alivyopewa mtu wa kweli. Kay Adroa alikuwa Mlugbara, binti wa kasisi, msomi, mke wa Amin mpaka Machi 1974, alipotalikiwa pamoja na wake wenzake wawili. Mwezi Agosti wa mwaka huo alikutwa amekufa, na maiti yake imekatwakatwa. Habari za kifo hicho husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Filamu imechagua namna ya kwake. Garrigan anamtibu mtoto wa Kay, wanapendana kwa siri, Kay anashika mimba, na kwa hilo anauawa. Maiti ile inatokea mbele ya macho ya daktari ili sisi tuone uso wa daktari. Kerry Washington ameigiza vema kwa nafasi aliyopewa, wala lawama si yake. Ila Kay huyo hana baba, hana Arua, hana lugha ya mama. Tungependa mwanafunzi akisema, "Pale nimelia," aulizwe alimlilia nani.

Tena kuna mwisho wake. Hadithi inafikia Entebbe mwaka 1976, Garrigan anaondoka kwa ndege, kisha tunaarifiwa kwa maandishi kwamba Amin alipinduliwa mwaka 1979. Kwa mtazamaji wa London yamekwisha. Kwa West Nile ndiyo kwanza yalianza. Wenyeji, waliohesabiwa wote kuwa watu wa Amin, walilipiziwa kisasi na jeshi jipya. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Sudani na Zaire. Na tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci karibu na mji wa Arua, askari wa serikali waliwaua raia waliokimbilia humo. Katika filamu tatu tulizozitaja hakuna iliyofika siku hiyo. Mwanafunzi wa Arua akiulizwa ameionaje filamu ya Macdonald, asishangaze mtu akianzia pale picha ilipokatika, akasimulia kwanza nyanya yake alivuka mpaka na nini kichwani.