Chombo cha Kupita Majanini

Dunia inaijua Ifakara kwa mbu. Tangu Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara yake hapa miaka ya 1950, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara, watafiti wameandika kuhusu malaria ya bonde hili la Kilombero kuliko mambo mengine yote. Sina ugomvi nao. Ila mimi nikiombwa kuisifu Ifakara, naanza na mtumbwi.

Ukitoka Lipangalala ukashika njia ya kuelekea mto Kilombero, ardhi ni bapa kabisa. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Udzungwa inateremka kwa kishindo, ikifika hapa inakosa pa kukimbilia, basi inatambaa. Wakati wa masika nchi nzima ni maji na majani, na familia zilizohamia kwenye vibanda vya mashamba ya mpunga hukaa huko kama watu wa visiwani. Zamani mto ulivukwa kwa pantoni, chombo ambacho watu walikipanda wakiomba dua, hasa baada ya kimoja kupinduka Januari 2016. Mei 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, likapewa jina la Magufuli. Ni kazi kubwa, nani atabisha? Lakini daraja linakupeleka Ulanga tu. Kwenye bwawa lenye kambale, au kwenye shamba lililozingirwa na maji, halikufikishi.

Huko kunafikiwa kwa chombo cha Wandamba, wavuvi wa tambarare hii. Pwani tumezoea ngalawa, yenye matengo pande zote mbili ili isilale. Matengo yangeletwa Kilombero yangenasa kwenye matete kabla ya saa kupita. Kwa hiyo mtumbwi wa hapa ni mwembamba, mbavu tupu, unaochoma majani na kupita. Uthabiti ulioondolewa kwenye chombo umehamishiwa miguuni mwa anayekiendesha: anasimama, anasukuma kwa pondo, na nyonga zake zinajibu kila mtikisiko. Maji yakizidi kina cha pondo, anachukua kafi. Wala si chombo cha safari ya baharini. Huko chini, mahali Kilombero inapokutana na Luwegu ili Rufiji izaliwe, kuna maporomoko ya Shuguli, na mtumbwi haubishani na mawe.

Uchongaji wenyewe unaanza kwa kutazama. Fundi anauzunguka mti: umenyooka? Una vifundo? Ndani umeoza? Mti wenye kifundo kikubwa ubavuni unaweza kuachwa hata ukiwa mnene wa kutamanisha, kwa maana pale penye kifundo nyuzi za mti zinapinda, na tezo ikifika hapo inang'oa kipande badala ya kuparua. Gogo likishalala, kazi nzito inafanyika palepale lilipoangukia. Shoka linatoa umbo la nje kwanza, tumbo na omo, kwa sababu ukianza kukomba ndani hujui tena ubavu unaishia wapi.

Kisha tezo. Hapa ndipo ninapoweza kukaa kutwa nikitazama. Hakuna futi wala penseli. Mkono mmoja nje, mwingine ndani, na katikati yake unene wa ubao unaopimwa kwa viganja. Akitia shaka anagonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Ubavu ukiwa mnene mno, mvuvi atashindwa kuukokota peke yake kutoka dimbwi moja hadi jingine. Ukiwa mwembamba mno, kisiki kimoja kilichojificha majini kitaupasua. Chini huachwa pazito kuliko mbavuni, maana ndipo panapokanyagwa na kuburutwa. Kadiri anavyokaribia mwisho ndivyo mapigo yanavyokuwa mepesi na maganda membamba, na fundi aliyekuwa akipiga soga anakuwa mkimya. Siku hiyo usimsemeshe.

Mbao mbichi hazitaki jua. Mtumbwi mpya unaanikwa kivulini, ukauke polepole, la sivyo unapasuka kuanzia ncha, ambako nyuzi zimekatwa. Hata ukitunzwa vipi, nyufa zitakuja, na hapo ndipo ufundi wa pili unaingia: matambara yaliyoshindiliwa, lami, kipande cha bati kilichopigiliwa misumari midogo iliyokaribiana. Kwangu mimi mtumbwi mzee wenye viraka vizuri ni wa thamani kuliko mpya unaong'aa.

Mvule mnene wa kuchongea mtumbwi umekuwa adimu, na kuukata kunahitaji kibali. Mashua za mbao zinashika nafasi, na kusema kweli zinabeba magunia mengi zaidi. Ila mashua ni pana. Mbele ya matete inasimama, na wenyewe wanashuka kuyafyeka.