Mgeni katika Jumba la Mji Uliopotea

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki yale yaliyochapwa katika karatasi: riwaya, tamthilia, na diwani za mashairi. Lakini hadithi haikai kitabuni tu. Zipo hadithi zinazosimuliwa kwa mawe, maji na taa, na msikilizaji wake hulipa si kwa kununua kitabu bali kwa kukodi chumba. Makala haya yanakusudia kuhakiki hadithi moja ya namna hiyo, yaani hoteli ya kifahari iitwayo The Palace of the Lost City, au kwa lugha yetu Jumba la Mji Uliopotea, iliyomo katika mji wa starehe na kamari wa Sun City, nchini Afrika Kusini. Tutaitazama kama tunavyoitazama kazi yoyote ya fasihi: usuli wake, mandhari na msuko wake, wahusika wake, na ujumbe anaoondoka nao mgeni aliyelala humo.

Usuli

Sun City ilifunguliwa Desemba 1979 na mfanyabiashara Sol Kerzner, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa milima peke yake. Sheria za Afrika Kusini za wakati ule zilikataza majumba ya kamari. Lakini serikali ya Makaburu ilikuwa imekata vipande vya ardhi na kuviita nchi huru za Waafrika. Kimojawapo kilikuwa Bophuthatswana, kilichopewa huo ulioitwa uhuru mwaka 1977. Umoja wa Mataifa haukuitambua nchi hiyo, na Watswana waliohesabiwa kuwa raia wake walivuliwa uraia wa Afrika Kusini. Basi mpaka uliochorwa ili kumtoa Mwafrika katika nchi yake, kwa mgeni mwenye gari na fedha ukawa mlango wa kuingilia starehe aliyokatazwa kwao.

Yafaa kusema kweli yote. Ndani ya Sun City watu wa rangi zote, mradi wawe na fedha, waliweza kuketi meza moja, jambo lililokuwa gumu Johannesburg. Wapo waliolitumia hilo kuwa hoja ya kuitetea. Hata hivyo wapinzani wa ubaguzi waliona kwamba kwenda kuimba huko ni kuikubali ile nchi ya bandia. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulianza kuchapisha orodha ya wasanii waliofanya maonyesho Afrika Kusini, na mwaka 1985 wanamuziki wengi mashuhuri, wakiongozwa na Steven Van Zandt, walitoa wimbo wa kuapa kwamba hawatakwenda Sun City.

Jumba tunalolihakiki lilifunguliwa baadaye, Desemba 1992. Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani tangu 1990. Uchaguzi wa watu wote ulikuwa bado kufika, nao ulifanyika Aprili 1994, mwaka ambao Bophuthatswana ilirudishwa katika Afrika Kusini. Kwa hiyo hadithi ya jumba hili ilitungwa katika kipindi ambacho nchi nzima ilikuwa ikijiuliza itajieleza vipi mbele ya historia yake. Jibu la hoteli lilikuwa kujitungia historia nyingine.

Mandhari na msuko

Hadithi anayosimuliwa mgeni ni fupi. Zamani za kale, kabila moja la wahamaji lilitoka upande wa kaskazini mwa Afrika likitafuta nchi ya amani na neema. Likafika katika bonde hili, likajenga mji mkubwa na jumba la mfalme. Kisha tetemeko la ardhi likauangamiza mji, watu wakatoweka, na msitu ukafunika magofu. Baada ya karne nyingi mji ukagunduliwa na kurudishiwa fahari yake. Na mgeni ndiye aliyealikwa kuingia.

Hadithi hii haikuachwa katika vijitabu vya matangazo. Mgeni huipita kwa miguu yake. Akitoka katika majengo ya kamari na burudani huvuka daraja liitwalo Daraja la Wakati, lililopangwa sanamu za tembo pande zote mbili, na kwa nyakati maalumu daraja hutikisika na kunguruma kuigiza lile tetemeko. Mbele yake liko Bonde la Mawimbi, ambapo mashine huvurumisha mawimbi hadi pwani ya mchanga ulioletwa, ingawa bahari yenyewe iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Magofu yamejengwa yakiwa magofu tangu siku ya kwanza. Msitu umepandwa. Juu ya yote husimama jumba lenye vyumba 338, kuba na minara, michoro ya dari na michongo ya wanyama.

Kwa upande wa fani, ni lazima tukiri ustadi. Msuko unamchukua mgeni hatua kwa hatua, kutoka kelele hadi kimya, kutoka taa za kamari hadi kivuli cha kale. Mafundi waliochonga mbao na kupanga vijiwe vya sakafu walifanya kazi ya kweli, na furaha ya mtoto anayepanda wimbi katikati ya nchi kavu ni furaha ya kweli. Mhakiki anayeidharau furaha hiyo hataelewa kwa nini wageni hurudi. Tatizo haliko katika ufundi. Liko katika jambo ambalo ufundi huo umetumiwa kulificha.

Tazama pia jinsi hadithi ya nje inavyosaidiana na kamari ya ndani. Ni desturi ya majumba ya kamari kutotundika saa ukutani wala kufungua madirisha, ili mchezaji asijue kama kumekucha. Fedha hugeuzwa vijisahani vya plastiki, ili mkono usisikie uzito wa kile unachotoa. Hesabu yenyewe haina siri. Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja lina tundu 37. Ukiweka shilingi moja katika kila tundu utakuwa umetoa shilingi 37, nawe utarudishiwa 36. Mwenye nyumba hahitaji kumwibia mtu. Anahitaji mchezaji akae muda mrefu tu. Ndani, mgeni huondolewa saa. Nje, huondolewa historia. Pande zote mbili anawekwa mahali ambapo wakati haumdai kitu.

Wahusika

Hapa ndipo udhaifu wa hadithi unapojitokeza. Kabila lile halina jina. Mfalme hana jina. Hatuambiwi walisema lugha gani, waliabudu nini, walilima nini, wala nani alibeba mawe ya jumba. Mwenye jina lake kamili ni mnyama: katika ua wa hoteli ipo sanamu kubwa ya tembo Shawu, tembo aliyeishi kweli katika Hifadhi ya Kruger na kusifika kwa urefu wa pembe zake. Jina la tembo limehifadhiwa. Watu wanaodaiwa kujenga mji hawakupewa hata la kubuni.

Mwalimu wa ngano atalitambua kosa hili mara moja. Katika ngano zetu mfalme anaweza kukosa jina, lakini ngano ina msimulizi na ina wenyewe. Bibi huwasimulia wajukuu, na wajukuu hujua ni ya kwao. Hekaya ya jumba hili haina bibi wala wajukuu. Imeandikwa na waajiriwa wa kampuni kwa ajili ya mtu anayepita.

Na wenyeji wa kweli? Hawakupotea. Sun City inapakana na hifadhi ya wanyama ya Pilanesberg, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1979, na baadhi ya familia za Wakgatla, ambao ni tawi la Watswana, zilihamishwa ili kuipisha. Ng'ambo ya milima hiyo, katika mji wa Moruleng, Wakgatla wana nyumba yao ya makumbusho iitwayo Mphebatho. Huko majina yapo: ya machifu, ya mitaa, ya walioishi na waliohamishwa. Mgeni wa hoteli aweza kulala siku saba upande huu wa milima, akatembezwa katika magofu ya watu wasiopata kuwapo, asijue kwamba upande wa pili wako watu wenye kumbukumbu.

Ukoo wa hadithi hii

Mtu aweza kusema: ni mchezo tu, kwa nini mwalimu ahangaike? Tunahangaika kwa sababu hadithi hii ina ukoo, na ukoo huo umepita katika madarasa yetu. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, akaona kuta za mawe, akadai kwamba ni kazi iliyohusiana na Malkia wa Sheba. Mwaka 1885 Rider Haggard alichapisha riwaya yake ya machimbo ya Mfalme Sulemani, ambamo Waingereza huenda kutafuta hazina ya kale iliyofichwa katika milima ya Afrika. Riwaya hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vilijifunza kusoma kwa kitabu hicho. Kiswahili chake kilisifiwa, na kwa haki. Lakini wazo lake ni lilelile: penye jiwe lililochongwa vizuri, mjenzi lazima awe ametoka kwingine au ametoweka.

Wataalamu wa mambo ya kale walikwisha kulijibu wazo hilo. Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwamba Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika. Nasi twajua leo kwamba ni mababu wa Washona walioijenga kati ya karne ya 11 na ya 15. Huko Mapungubwe, ndani ya Afrika Kusini yenyewe, makaburi ya wafalme yalitoa kifaru wa dhahabu katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mwaka 1992 hoteli haikukosa mji wa kweli wa kuutaja. Iliuchagua wa uongo kwa sababu mji wa kweli una warithi.

Hebu tulinganishe na jumba la pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akiwa ametoka Mogadishu, ambako alikaribishwa na kulishwa siku tatu kabla ya kupelekewa mavazi ya heshima. Sultani wa Kilwa aliyemkuta ni al-Hasan bin Sulaiman, na kwake yeye wataalamu huhusisha jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari. Sarafu ya sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, ushahidi kwamba miji hiyo miwili ilifungamana kwa biashara. Msafiri alimsifu sultani kwa ukarimu, akasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyoomba mavazi aliyoyavaa na akapewa. Lakini msafiri huyohuyo anatuambia pia kwamba maskini yule aliongezewa watumwa na pembe za ndovu. Basi Husuni Kubwa hatuwezi kuitazama kwa fahari tupu. Yatulazimu kuuliza watumwa wale walikuwa nani na walitoka wapi.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka msomaji aishike. Historia ya kweli ina majina, na penye majina pana madeni. Historia ya bandia haina aliyedhulumiwa wala aliyedhulumu. Tetemeko la ardhi limewafuta wote, na tetemeko halishitakiwi. Mgeni hulala salama katika kitanda cha mfalme kwa sababu hakuna mjukuu wa mfalme atakayebisha hodi.

Ujumbe na wajibu wetu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii si ya uchoyo. Maana yake ni kwamba mgeni akikaa huingizwa katika maisha ya wenyeji, hujua shamba ni la nani na mvua imekawia kiasi gani. Hoteli ya kamari imejengwa ili siku ya tatu isifike kamwe: kila asubuhi mgeni ni mfalme upya, na kila jioni hajui zaidi ya alivyojua jana.

Hatuandiki haya ili kuwakataza watu kwenda. Sheria ya 1996 ilihalalisha majumba ya kamari katika Afrika Kusini yote, na Sun City imebaki mahali pa mapumziko kwa watu wa kila rangi, pakiwapa wengi mishahara. Tunaandika kwa sababu mtindo wenyewe umekwisha kufika katika nchi zetu: hoteli za watalii zenye ngao ukutani zisizojulikana ni za nani, ngoma za kumpokea mgeni ambazo mpigaji mwenyewe hakufundishwa maana yake. Vijana tunaowafundisha Kiswahili ndio watakaoajiriwa kuwasimulia wageni habari hizo.

Basi walimu wenzetu na wafanye zoezi moja na wanafunzi wa madarasa ya juu. Wachukue maelezo yoyote ya matangazo ya hoteli, wayahakiki kama wanavyohakiki hadithi fupi, na waulize maswali matatu: watu hawa wanaitwa nani? Nani anasimulia habari zao? Wajukuu wao wanaishi wapi leo? Maelezo yakiyajibu maswali hayo, mgeni amekaribishwa kweli. Yasipoyajibu, mwanafunzi atakuwa amejua kwamba kuna mtu ameondolewa katika hadithi, naye aanze kumtafuta.